Mnada wa Dhamana ya Mkopo: Yampasayo Mwanachama wa SACCOS Kuyajua



Tumekuja Shirimatunda kuzungumzia jambo ambalo wengi hulisikia kwa mara ya kwanza siku gari la matangazo linapopita mtaani likitaja jina la jirani. Siku hiyo huwa muda umekwisha kuliwa sana.

Mkoa huu si mgeni wa ushirika. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, KNCU ikazaliwa mwaka 1933, na chuo cha ushirika kikaanzishwa hapa Moshi mwaka 1963. Hata hivyo, wapo wanachama wa miaka mingi ambao hawajapata kuusoma mkataba wa mkopo waliotia saini.

Tuanze na haki ya chama, maana nacho kina haki. Fedha ya SACCOS ni akiba ya wanachama wenyewe. Mkopaji asiporejesha, anayeumia ni mwenzake aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kukopa. Kwa masharti ya vyama vingi, deni hufidiwa kwanza kwa akiba ya mkopaji, kisha hudaiwa wadhamini wake, na mali iliyowekwa rehani hufikiwa baadaye. Someni masharti ya chama chenu muone utaratibu wake.

Ikiwa mali hiyo ni ardhi au nyumba, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yake, inamtaka mkopeshaji ampe mkopaji notisi ya maandishi. Notisi hiyo ieleze kosa ni lipi, kiasi gani kinadaiwa na nini kifanyike kulirekebisha. Siku 60 huhesabiwa tangu mkopaji alipoipokea. Zikipita bila deni kulipwa, haki ya kuuza huanza. Simu ya afisa mikopo si notisi, wala maneno makali mbele ya mkutano wa wanachama si notisi. Nanyi msiikatae barua kwa kudhani kuwa kutoipokea kutasimamisha mnada. Ipokeeni, andikeni tarehe, kisha nendeni ofisini kwa chama siku hiyo hiyo mkaombe ratiba mpya ya marejesho. Bodi husikiliza zaidi mtu aliyekuja mwenyewe kuliko mtu aliyetafutwa.

Baada ya notisi hiyo huja tangazo la mnada. Sheria ya Madalali inataka tangazo la kuuza ardhi litolewe kwa umma siku zisizopungua 14 kabla ya mnada, katika mji mkuu wa wilaya na mahali mnada utakapofanyika. Liandikwe kwa Kiswahili pia, litaje jina la mwenye mali na mahali anapoishi, tena litangazwe kwa njia ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Dalali naye awe na leseni, mwombeni aioneshe.

Kuhusu bei, tuchukue mfano. Mkopaji anadaiwa shilingi 8,000,000. Viwanja vya aina yake, eneo hilo hilo, huuzwa shilingi 40,000,000. Chake kikauzwa mnadani kwa shilingi 28,000,000, yaani pungufu kwa asilimia 30. Sheria inamtaka muuzaji atafute bei iliyo bora kadiri inavyowezekana. Bei ikipungua kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, huchukuliwa kuwa hakutimiza wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo, na mkopaji anaweza kuiomba mahakama itengue mauzo. Tuseme mauzo yamesimama na gharama za mnada ni shilingi 1,500,000. Baada ya deni na gharama hizo, shilingi 18,500,000 ni za mkopaji, ikiwa hakuna mwingine anayeidai mali hiyo. Chama hakijiongezei shamba kwa sababu ya mkopo mdogo. Dai hesabu hiyo kwa maandishi.

Nyumba ya familia ina ulinzi wake. Rehani yake haisimami bila ridhaa ya mwenzi anayeishi humo. Mkopaji ana wajibu wa kusema kuwa ana mwenzi, na mkopeshaji ana wajibu wa kuhakikisha. Akina mama, msitie saini karatasi kwa kuambiwa tu kwamba ni utaratibu wa ofisi. Nanyi akina baba, tabia ya kujaza fomu kuwa hamjaoa mnaifahamu.

Suala la kihamba ni zito zaidi. Pale juu Kibosho, Uru na Machame, kihamba kina makaburi ya wazee, na anayekikalia leo mara nyingi anakishika kwa niaba ya ukoo. Tunazishauri bodi zifikiri sana kabla ya kukipokea kuwa dhamana: siku ya mnada huenda asipatikane wa kutaja bei, na ukoo ukafika barazani.

Jihadharini pia na mkopeshaji wa mtaani, yule wa kausha damu, anayekuandikisha mkataba wa mauziano badala ya mkataba wa mkopo. Ukitia saini pale, umeuza. Siku 60 tulizozitaja hatazikumbuka.

Mwenye mgogoro na chama aanze kwa bodi ya chama chake, kwa barua, abaki na nakala. Asiporidhika aende kwa Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika wa mkoa. Ikiwa mnada wa ardhi umekaribia na utaratibu umekiukwa, asisubiri majibu hayo: awahi kwa mwanasheria au Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuomba zuio. Sheria humlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, hivyo aliyechelewa huenda akabaki na madai ya fidia tu, huku nyumba ikiwa na mwenyewe mpya. Aende na mkataba, notisi yenye tarehe aliyoipokea, na stakabadhi zote za marejesho.