Vumbi la Barabara: Nani Alipe?

(Maneno ya kamati ya maendeleo mbele ya mkutano wa wakazi)

Asanteni kwa kufika na mvua yote hii. Kusema kweli, mvua imetufaa kuliko kitu kingine chochote mwezi huu, maana inalaza vumbi.

Wenyeji wanajua yaliyotokea, lakini wageni hawakuwako, kwa hivyo turudie kidogo. Barabara inapanuliwa. Zile nyumba nne kuukuu kando ya soko zilikuwa ndani ya alama, na sisi wenyewe tulikubali ziondolewe. Tingatinga likaja asubuhi, likaziangusha pamoja na paa zake, likapita juu yake mara mbili tatu. Paa zile hazikuwa za mabati. Zilikuwa za asbesto, yale mapaa ya kijivu yenye mawimbi ambayo wengi wetu tulizaliwa chini yake. Vipande vikachotwa pamoja na mawe, vikamwagwa kujazia shimo kwenye njia ya kwenda shule ya chekechea. Hatusemi kontrakta alikusudia ubaya. Alikuwa na haraka, na hakuna aliyemwuliza paa zile ni za nini.

Sasa tutaje na kosa letu. Jumamosi iliyofuata, ni kamati hii iliyowaita watu waje kusafisha. Mlikuja na majembe, mafagio na wilbaro. Vijana walibeba vipande kwa mikono, akina mama wakafagia kavukavu. Wengine mkachukua vile vizima mkaezekea vibanda vya kuku. Hatukujua. Lakini kutojua kwetu hakukupunguza lile vumbi, na tunawaomba radhi mbele ya mkutano huu.

Asbesto ikiwa nzima na haijaguswa, haina shida kubwa. Shida ni kuivunja, kuikata, kuisugua au kuifagia. Hapo hutoa nyuzi ndogo sana zisizoonekana kwa macho, zikaelea hewani, na zikiingia mapafuni hazitoki. Hukohoi leo wala kesho. Saratani inayoletwa na nyuzi hizi huchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Ndiyo sababu mtu husema, "Mbona babu alikaa chini ya paa hiyo na hakuugua?" Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 200,000 hufa kila mwaka kwa kuipumua asbesto kazini. Kenya iliipiga marufuku mwaka wa 2006, na mwaka wa 2011 NEMA ikatoa mwongozo wa namna ya kuiondoa. Huloweshwa maji, hufungwa ndani ya plastiki nzito, husafirishwa ikiwa imefunikwa, na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Kazi hiyo ni ya watu wenye leseni na mavazi yake. Si kazi ya wilbaro.

Kazi hiyo ina gharama, na hapo ndipo maneno yalipoanzia. Tulipokwenda ofisi ya kwanza tukaambiwa barabara si ya kaunti. Ya pili ikatuambia tumngoje kontrakta. Ya tatu, na hii ilituuma, ikatuambia, "Nyinyi ni watu wa kanisa, fanyeni harambee."

Jamani, tunaipenda harambee. Zahanati ile ni harambee, tangi la maji ni harambee. Lakini harambee ni ya kujenga kitu chetu. Kuchangisha mama mboga shilingi zake ili kuondoa takataka iliyomwagwa na kazi ya serikali ni kumtoza mara mbili, kwa sababu kodi amekwisha lipa. Tena pesa zikipungua, na zitapungua, tutarudi palepale kwenye wilbaro.

Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inasema mchafuzi ndiye mlipaji, na NEMA ina uwezo wa kutoa amri ya kurekebisha mazingira. Hilo tunalitaka. Ila vumbi halingojei kesi. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa, walioathiriwa na sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walishtaki mwaka wa 2016. Wakashinda mwaka wa 2020, wakafidiwa shilingi bilioni 1.3. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Idara za serikali pia zilionekana kuwa na lawama. Walishinda, naam, lakini hesabuni miaka. Mtoto aliyekuwa chekechea kesi ilipoanza, sasa ni kijana.

Kwa hivyo ombi letu ni moja: pesa za umma zitangulie, kisha serikali imdai kontrakta. Njia zipo. Ile sheria ya mazingira iliunda hazina ya kurekebisha mazingira. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka wa 2012 nayo inairuhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, kwa jambo lisilotazamiwa linalotishia uhai wa watu au mazingira. Kama vumbi hili kwenye njia ya chekechea si dharura, basi tuelezwe dharura ni nini. Na kipengele cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Hakisemi ni mazingira ya barabara ya nani.

Wakati tunangoja: njia ya chekechea isipitwe, watoto wapitie upande wa kisima. Wenye vibanda vya kuku, msivibomoe wala kuvisugua. Mtuambie tu viko wapi.

Kuna jambo lingine, wengine walitusihi tulinyamazie. Ukumbi huu tulimoketi umeezekwa kwa asbesto hiyohiyo. Angalieni juu. Bado ni nzima, na hatutaigusa mpaka mwenye leseni aje, lakini hatuwezi kuidai serikali huku tumefumbia macho paa letu. Gharama ya hili paa ni yetu, na hapo tutafanya harambee.

Pale mlangoni kuna kitabu. Kila aliyekuja siku ile ya kusafisha aandike jina lake na kazi aliyofanya, hata kama alishika fagio dakika kumi. Miaka 30 si michache, na daktari atakayeuliza atahitaji kuonyeshwa maandishi. Majina ya kamati yameandikwa ukurasa wa kwanza. Barua ya kaunti inasomwa sasa, na asiyekubaliana nayo aseme kabla hatujaitia sahihi.