Maneno Madogo ya Njia Kubwa: Vihusishi, Vitenzi na Misafara ya Tabora



Kila mwaka wanafunzi wa Kiingereza huuliza swali lilelile: neno traffic hufuatwa na kihusishi gani? Mwalimu hujibu haraka. Ukisema on, ni magari yaliyo barabarani. To na from zinaonyesha yanakoelekea na yanakotoka, na through ni ule mji yanaoupita. Lakini ukisema in, maana yote inageuka. Sasa ni biashara, na mara nyingi ni ya haramu: silaha, dawa za kulevya, binadamu. Kineno cha herufi mbili kimetutoa kwenye foleni kikatupeleka mahakamani.

Leo nauliza kazi hiyo Kiswahili kimemkabidhi nani. Naulizia hapa Tabora kwa sababu hapa ndipo njia zilipokutana. Waliotoka Bagamoyo walifika hapa Unyanyembe, wengine wakashika njia ya Ujiji, wengine ya kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, wengine ya kusini-magharibi kuelekea Katanga. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kilomita zipatazo 1,200, na tangu 2006 njia hiyo imo katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia.

Vihusishi vyetu ni vichache. Tuna kwa, na, katika, hadi, kutoka, na vingine vya kuhesabu. Jina la mji halitaki hata kimoja. Naenda Tabora, natoka Tabora, nipo Tabora, nimezaliwa Tabora: jina limesimama palepale, halikuongezwa kitu, wala hakuna aliyewahi kusema Taborani. Nendeni stendi alfajiri mkawasikilize wapiga debe. Wanataja Nzega, Igunga, Singida, basi. Abiria anayeuliza zaidi anauliza kwa kitenzi: gari linaishia wapi, linapitia wapi, linashusha wapi.

Kitenzi, basi, ndicho kilichokabidhiwa kazi. Aliyehama Tabora ameondoka. Aliyehamia Tabora amekuja. Irabu moja ndani ya kitenzi imemgeuza mtu uso. Msafara uliopita Mpwapwa haukuwa na shughuli nayo, ila uliopitia Mpwapwa uliichagua kuwa njia yake. Chukueni habari inayojulikana na kila mtoto wa Kwihara. Livingstone alikaa Kwihara hadi Agosti 1872, akaondoka, na mwaka uliofuata akafia kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Susi, Chuma na wenzao wakaubeba mwili, wakapitia Unyanyembe Oktoba 1873, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Kufia, kupitia, kufikisha: ramani nzima imo ndani ya viambishi vya vitenzi.

Tazameni pia hiyo kwa. Mahali panapojulikana kwa mtu huitwa kwa jina lake: kwa Chitambo, kwa Mirambo, kwa Mtesa. Mfanyabiashara Tippu Tip, katika kumbukumbu zake alizoziandika kwa Kiswahili na ambazo Heinrich Brode alizichapa mwanzoni mwa karne ya 20, anazitaja nchi za bara kwa namna hiyo. Ni sarufi ya mgeni anayejua kwamba hawezi kupita bila mwenyeji wake. Kabla ya kuuliza umbali, uliuliza ni kwa nani, kwa sababu huyo ndiye aliyetoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na bila hongo mizigo haikusonga.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Kiswahili kina kiungo kimoja kinachotumika mno, ile -a unganifu: wa, ya, la, cha. Ni kiungo chenye manufaa makubwa, na katika historia ya njia hii kimeficha mengi. Tunasema msafara wa Waarabu, msafara wa Wanyamwezi, msafara wa pembe, msafara wa watumwa. Neno lile lile wa limebeba mwenye mali, mpagazi, bidhaa, na mateka. Katika msafara wa Waarabu mara nyingi waliotembea walikuwa kwa wingi Wanyamwezi. Msafara wa Wanyamwezi unaweza kuwa wa wafanyabiashara waliojipangia wenyewe, maana Wanyamwezi walipeleka pembe pwani kwa miguu yao kabla wafanyabiashara wa pwani hawajajenga hapa Unyanyembe. Unaweza pia kuwa wa vibarua waliopatana ujira kwa nguo za merikani na kaniki. Na msafara wa watumwa haukuwa mali ya hao watumwa hata siku moja.

Mpagazi Mnyamwezi alikuwa mtu wa kazi yake. Alibeba frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na pembe kubwa ilimkalia begani kama mti. Mbele alitangulia kirangozi, na yeye ndiye aliyeamua lini waanze safari na wapi walale. Wapagazi walipatana ujira, waligoma, na wakidhulumiwa walitua mizigo wakaondoka. Stephen Rockel ameandika kitabu kizima mwaka 2006 kuonyesha kwamba hawa walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye heshima na desturi zao. Kijana wa Unyamwezi aliyekuwa hajaiona pwani alihesabiwa bado mtoto. Huyo alisafiri. Alibeba.

Nyuma yake, katika njia hiyohiyo, alikuwapo mtu mwingine, mwanamke kutoka Manyema pengine, shingoni kamba au mti. Huyo alisafirishwa. Kama alikuwa na mzigo kichwani, alibebeshwa. Kwa mbali, watu hawa wawili wanafanana: miguu ileile, vumbi lilelile, pembe ileile. Ukiandika kwamba wote walikuwa katika msafara wa pembe, umeandika ukweli na bado umemdhulumu mmoja wao. Kitakachowatenganisha ni kiambishi cha kusababisha na kile cha kutendwa, -ish- na -w-. Kazi iliyofanywa na in ya Waingereza, kwetu inafanywa na viambishi hivyo viwili, na vinaifanya vizuri zaidi, kwa sababu vinatulazimisha kuuliza: aliyesafirisha ni nani?

Watunga sheria wetu walilisikia hilo. Sheria ya mwaka 2008 inayopambana na uovu huu tunaitaja kwa Kiswahili kuwa ya usafirishaji haramu wa binadamu. Shina ni lile lile la safari na msafara, ila limetiwa -ish-, na jina la kosa limebeba mtendaji ndani yake. Tanganyika ilipiga marufuku utumwa kwa sheria mwaka 1922. Sheria ya 2008 inatukumbusha kwamba watoto wa mikoani bado huchukuliwa kwa ahadi ya kazi za ndani mjini. Naomba magazeti yetu yaache kuandika kwamba mtoto kama huyo alisafiri kwenda Dar es Salaam.

Niseme kidogo juu ya sarufi iliyotembea na miguu ya misafara. Pwani husema nyumbani, sokoni, kazini: mahali panawekwa mwishoni mwa neno, kama wafanyavyo Wakamba, na mbali kusini Wazulu. Kinyamwezi huweka mwanzoni: mu numba, ku kaya. Vuka Ziwa Tanganyika, ufike Lubumbashi, utasikia Kiswahili cha mu nyumba, ku kazi, ku soko. Wapo wanaosema misafara ndiyo iliyokipeleka huko kikiwa hivyo, na ni kweli kwamba Msiri, aliyetawala Bunkeya hadi alipouawa Desemba 1891, alitokea upande huu wetu wa magharibi pamoja na Wayeke wake. Mimi siwezi kwenda mbali hivyo. Kiluba nacho huweka mu, ku na pa mwanzoni, na Johannes Fabian alikwisha kutuonya mwaka 1986 kwamba Kiswahili cha Katanga kilikuzwa sana na migodi na utawala wa Wabelgiji. Ninachokiamini ni kwamba kila aliyekipokea Kiswahili njiani alikipangia mahali kwa mpango wa lugha ya mama yake, na kwamba Tabora ndiyo nusu ya njia ambayo haijasikilizwa vya kutosha. Askofu Edward Steere, akiwa Unguja, alikusanya msamiati wa Kinyamwezi cha Unyanyembe katika karne ya 19. Sisi tulio hapa tumekusanya kidogo mno.

Wanafunzi wa Kiswahili wa chuo hiki, kazi ni yenu. Nendeni Kwihara, Urambo, Ulyankulu na Ujiji na vinasa sauti, muwaombe wazee wasimulie safari za babu zao kwa Kiswahili chao, na msiwasahihishe. Sikilizeni wanaposema ku na wanaposema -ni, wanaposema alipita na wanaposema alipitishwa. Nanyi walimu wa historia, mtakapofundisha njia hii muhula ujao, msiwaachie watoto ile -a peke yake. Waambieni nani alisafiri na nani alisafirishwa.