Mguu wa Mtoto Umevimba

(Muziki unashuka. Mtangazaji anaingia.)

Haya ni kwenu mliovuka Mpondwe na bado mko Bwera au Kasese mjini, na kwenu mliokwisha kufika Rwamwanja, Kyaka na Nakivale.

Mama mmoja aliye Bwera ametuma swali. Mtoto wake alizaliwa akaandikwa mvulana, lakini tangu zamani anajijua kuwa msichana. Kule nyumbani alikuwa na dawa zake. Walipokimbia usiku, dawa zikabaki. Sasa ana miaka ishirini na mmoja, anameza vidonge vya kupanga uzazi kwa siri, vinne kwa siku. Mguu wake mmoja umevimba na hataki kwenda hospitali.

Mama, kwanza mtoto wako si mgonjwa wa akili. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, imewatoa watu kama yeye katika fungu hilo. Homoni ndizo zinazoufanya mwili wake ufanane na anavyojijua. Mtu hazimezi kwa mchezo.

Hatari iko kwenye kipimo. Vidonge vile vimetengenezwa kumezwa kimoja kwa siku. Estrojeni ikizidi, damu inaweza kuganda ndani ya mshipa, na kwa mvuta sigara hatari ni kubwa zaidi. Donge hilo likitoka mguuni likafika kwenye mapafu, linaua. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi kukatika ghafla, usingoje kesho. Daktari aambiwe ni vidonge gani na vingapi, maana asipojua atapoteza muda akitafuta ugonjwa mwingine.

Nao wanaojidunga testosteroni: msichangie sindano, VVU na homa ya ini hupitia humo. Na testosteroni haizuii mimba.

"Nikisema, si wataniitia polisi?" Woga huu una sababu. Sheria dhidi ya ushoga iliyotiwa saini Mei 2023 ni kali, na sehemu yake kubwa bado inatumika. Lakini kifungu kilichowalazimisha watu kutoa taarifa polisi kilifutwa na Mahakama ya Katiba tarehe 3 Aprili 2024. Hata kabla ya hapo, Juni 2023, Wizara ya Afya iliwaandikia wahudumu wake kwamba mgonjwa yeyote asinyimwe huduma na siri yake itunzwe. Hayo ni ya kwenye karatasi. Nesi mmoja mmoja ni habari nyingine, na ninyi mnaopanga foleni mnawajua kuliko mimi. Ombeni kuzungumza faraghani, na nendeni na mtu mnayemwamini.

Mwenye mguu uliovimba ataombwa aonyeshe mguu. Kumvua nguo zote ili watu wajue "ni nini" si matibabu, na ana haki ya kukataa. Jambo la namna hii limewahi kufika mahakamani Kampala. Mwaka 2005 nyumba ya Victor Mukasa, mwanaharakati aliyezaliwa akaandikwa msichana, ilivamiwa. Mgeni wake alipelekwa polisi, akavuliwa nguo ili jinsia yake ijulikane. Wakashtaki wote wawili. Desemba 2008 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zimevunjwa, ikaamuru walipwe fidia.

Homoni zenyewe, mama, sitakuahidi kwamba atazipata kituoni. Lakini damu iliyoganda ina dawa, na dawa hiyo haiulizi mtu anajiita nani. Asimeze kidonge kingine kabla ya kuonana na daktari. Mbebe pakiti ya vidonge, hata kama ni tupu, mwende leo hii. Asitembee kwa miguu, tafuteni boda.

(Muziki.)