Siri ya Mgonjwa Haifungiwi Karanga

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kikaratasi kimoja.

Nilikuwa Tabora nikisubiri treni ya Kigoma. Nilifika stesheni mapema kupita kiasi, kama ilivyo desturi yangu, nikanunua karanga za kukaanga kwa mama mmoja aliyekaa na ungo wake chini ya mwembe. Akanifungia katika karatasi aliyoiviringa mfano wa pembe. Karanga zilipokwisha nikaikunjua ile karatasi, maana mtu aliyezoea kusoma husoma hata kilichofungiwa chumvi.

Ulikuwa ukurasa wa daftari la wagonjwa. Mistari imepigwa kwa rula, wino wa buluu umeanza kupauka. Namba, tarehe, jina, jina la baba, umri, kijiji, ugonjwa, dawa. Mwaka ni 1971. Katikati ya ukurasa walikuwapo watoto watatu wa baba mmoja, wa miaka 6, 9 na 11. Mbele ya majina yao yote matatu liliandikwa neno moja: ukoma.

Kwenye benchi nilikuwa nimekaa na mzee mmoja. Tulikwisha kuamkiana, akanieleza kwao ni wapi, na kwao ndiko kule kulikoandikwa kwenye karatasi. Akaniuliza, "Mwanangu, unasoma nini hapo? Miwani yangu nimeiacha nyumbani."

Nikamjibu, "Karatasi ya karanga tu, mzee wangu." Nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Ndugu msikilizaji, nilimdanganya mzee wa watu, na mpaka leo sijutii. Ukoma ni ugonjwa unaotibika. Dawa ya kwanza ya kutegemewa ilianza kutumika miaka ya 1940, na tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza mseto wa dawa unaoumaliza kabisa. Bakteria hufa, lakini maneno ya watu hayafi. Zipo nyumba ambazo posa hurudishwa kimya kimya kwa sababu tu inasemekana babu wa binti aliwahi "kukaa kambini". Wale watoto watatu, kama wako hai, leo ni watu wa miaka sitini na kitu, wenye wana na wajukuu. Huenda mjukuu wao mmoja anaposwa juma hili. Nani aliwauliza kama wanakubali maradhi yao ya utotoni yasomwe stesheni kwa bei ya karanga?

Nikarudi kwa yule mama. Pembeni mwa ungo palikuwa na rundo zima la karatasi za namna ile, unene wa tofali. Nikamwambia nalinunua lote. Akacheka akasema, "Baba, wewe ni mtu wa kwanza kununua karatasi ukaniachia karanga." Hana kosa mama yule. Yeye alinunua kwa kilo, kama wanavyonunua wenzake magazeti ya zamani. Kosa ni la aliyeuza, na zaidi ni letu sisi tuliodhani kwamba karatasi ikizeeka siri yake nayo huzeeka.

Tabora si mji mgeni kwa maandishi ya maradhi. Ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji, ilikuwa pia njia ya homa, kuhara damu na ndui. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, walikwisha kuugua sana njiani. Tunajua kuwa Burton alibebwa kwa sababu miguu ilikataa. Tunajua kuwa Speke alifika Ziwa Tanganyika mwaka uliofuata akiwa haoni vizuri. Twayajua hayo kwa sababu wenyewe waliyaandika na kuyachapisha vitabuni.

Au mchukue Dk. Livingstone, aliyekaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwa miezi kadhaa ya mwaka 1872. Shajara zake, zilizochapwa London mwaka 1874, zinaeleza jinsi alivyokuwa akitokwa damu tumboni. Alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao wakauchukua mwili wake kupitia Unyanyembe hadi pwani. Ulipofika Uingereza, madaktari waliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba miaka mingi kabla. Hata mfupa wake una jalada!

Na wale waliobeba mizigo je? Wapagazi wa Kinyamwezi walikufa kwa ndui kando ya njia hiyo hiyo, na katika vitabu vile mara nyingi wao ni hesabu tu: leo wamekufa wawili, kesho mmoja. Mwenye kitabu alichagua mwenyewe nini aseme juu ya tumbo lake. Mpagazi hakupewa nafasi ya kusema wala ya kunyamaza.

Baadaye majina ya watu wetu yalianza kuandikwa, lakini tazameni yaliandikwa wapi. Mtu wa kawaida wa Unyamwezi huonekana katika makaratasi ya zamani mara tatu: alipolipa kodi, aliposhitakiwa, na alipougua. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza ilihamisha maelfu ya watu wa upande huu wa magharibi na kuwakusanya katika makazi mapya ili kuwaepusha na mbung'o waletao malale. Watu walihesabiwa na kupimwa damu. Kule Sikonge, Wamoravian walikuwa na hospitali na makazi ya waliougua ukoma. Kazi hizo ziliokoa maisha, na kazi ya tiba haiendi bila daftari. Lakini kila daftari lililoandikwa kwa ajili ya kuponya lilibaki duniani baada ya mgonjwa kupona.

Sasa tufanye nini na madaftari hayo? Wapo wanaosema yachomwe moto, tuondokane na lawama. Mimi nasema hapana. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na afya ya taifa ni mali. Tabora pana kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambacho kwa miaka mingi kimejishughulisha na malale. Mtafiti anayetaka kujua ugonjwa ulitokea vijiji gani zamani, ili ajue utarudi wapi kesho, atauliza nini kama tumechoma? Na si mtafiti peke yake. Wako wazee ambao ushahidi pekee wa mwaka waliozaliwa ni mstari mmoja katika daftari la kliniki. Ukilichoma hilo, umechoma cheti cha mtu.

Wapo wengine wanaosema yafunguliwe yote, kwa kuwa ni historia, na mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ni ya kweli, ila inamhusu mgonjwa anayemficha mganga. Haikusema mganga akaitangaze homa ya mgonjwa sokoni. Kwa mganga tunayo methali nyingine: siri ya mtungi aijuaye kata. Kata huzama mtungini ikayajua yaliyomo, lakini haiendi kuyasimulia kisimani.

Madaktari wenyewe walikwisha kuapa hivyo. Kiapo cha Geneva cha Chama cha Madaktari Duniani kilitungwa mwaka 1948, na mwaka 1968 yaliongezwa maneno kwamba daktari ataitunza siri ya mgonjwa hata baada ya mgonjwa huyo kufa. Hata baada ya kufa, ndugu wasikilizaji! Na sheria zetu nazo hazikulala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na imeunda tume ya kuisimamia. Tatizo ni kwamba tukisikia "taarifa binafsi" mawazo yetu yanakwenda kwenye kompyuta na simu ya mkononi. Hatufikirii kabati lililoliwa na mchwa nyuma ya zahanati.

Tunayo pia Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Kwa kanuni ya jumla, nyaraka za serikali hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Kwa barua ya waziri kuhusu ujenzi wa daraja, miaka 30 inatosha. Kwa jina la mtoto wa miaka 6 mwenye ukoma haitoshi hata kidogo. Fanyeni hesabu: aliyeandikwa mwaka 1971 alikuwa na miaka 36 tu mwaka 2001. Wenzetu wa Uingereza kwa kawaida hufunga majalada ya wagonjwa wa hospitali kwa miaka 100, ili mwenyewe awe amekwisha kupumzika. Hilo si jambo la kuona haya kuiga.

Isitoshe, majalada mengine hayamo nchini kabisa. Dk. Southon, tabibu wa misheni ya London aliyefika Urambo kwa Mtemi Mirambo mwaka 1879 na kufia huko mwaka 1882, aliandika barua nyingi. Kumbukumbu za misheni ile zimehifadhiwa leo katika chuo cha SOAS, London. Zimetunzwa vizuri, nashukuru. Lakini kijana wa Urambo anayetaka kujua mababu zake waliugua nini anahitaji nauli ya ndege, wakati mimi nilipata ya mwaka 1971 kwa karanga. Kumoja mlango ni mzito mno, kwingine hakuna mlango.

Ushauri wangu ni mfupi. Kwanza, kila hospitali, iwe ya serikali au ya dini, imtaje mtu mmoja mwenye ufunguo wa madaftari ya zamani, na daftari lisitoke bila yeye kutia sahihi. Pili, mtafiti apewe ugonjwa, mwaka na kijiji, lakini jina lifunikwe. Na pale ambapo kijiji ni kidogo kiasi kwamba kukitaja ni kumtaja mtu, basi kijiji nacho kifunikwe, itajwe wilaya. Tatu, mwenye jina, na kama hayupo wanawe, wakija na ushahidi waonyeshwe mstari wao, na mstari wao tu. Nne, daftari ambalo kweli halihitajiki tena lichomwe mbele ya mashahidi na iandikwe kwamba limechomwa. Lisiuzwe kwa kilo.

Niliporudi kutoka Kigoma nililipeleka lile rundo kwa mhudumu wa afya ninayemfahamu. Alilitazama akasema, "Ndugu yangu, umejisumbua bure. Haya ni makaratasi ya zamani, wenyewe wamekwisha kufa." Nikamwonyesha safu ya umri. Akahesabu kwa vidole, akanyamaza. Kisha akafunua kurasa nyingine mbili tatu, akaacha ghafla, akalifunika rundo kwa mkono wake.

Akaniuliza, "Umeyasoma yote haya?"

Nikamwambia nilisoma ukurasa mmoja tu. Hakuniambia aliona jina la nani, nami sikumwuliza. Aliyatia makaratasi yale kwenye kabati la chuma, akafunga, akautia ufunguo mfukoni.