Filamu ikishatazamwa ni ya nani?

Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Msemo huo unafaa sana katika ubishi ambao umewashughulisha wapenzi wa sinema duniani kwa karibu miaka 30. Ubishi wenyewe ni huu: mtengenezaji wa filamu akishaionyesha kazi yake kwa watu, je, anayo haki ya kuibadilisha baadaye na kuificha ile ya kwanza isionekane tena? Na watazamaji wakiamua kuirudisha wenyewe, bila ya idhini yake, je, tuwaite wezi au walinzi?

Tuuchukue mfano unaojulikana kuliko yote. Tarehe 25 Mei 1977 filamu ya Star Wars, iliyotungwa na kuongozwa na Mmarekani George Lucas, ilianza kuonyeshwa nchini kwao. Watu walipanga foleni mitaani, na filamu hiyo ikabadili biashara nzima ya sinema. Miaka 20 baadaye, yaani mwaka 1997, Lucas aliirudisha katika majumba ya sinema ikiwa na mambo mapya. Viumbe vilivyochorwa kwa kompyuta viliongezwa, na onyesho lililokatwa zamani likarudishwa.

Mabadiliko yaliyowaudhi watu zaidi ni ya sekunde chache tu. Katika filamu ya mwaka 1977, mhusika Han Solo, ambaye ni mfanyamagendo, anakaa mezani na mtu aliyetumwa kumkamata. Solo anachomoa silaha yake chini ya meza na kumpiga yule adui kabla hajafanya lolote. Katika toleo la mwaka 1997, adui ndiye anayeanza kupiga, akamkosa, ndipo Solo anajibu. Huenda ukasema, kuna nini hapo? Kuna jambo kubwa. Mfanyamagendo asiyejali roho ya mtu ndiye anayegeuka mwishoni na kurudi kuwaokoa wenzake. Ukimsafisha mapema, kule kugeuka kwake kunapungua uzito. Sekunde hizo chache zimemgusa mhusika mzima.

Hata hivyo, kama Lucas angeliacha toleo la zamani likae kando ya lile jipya, ubishi ungalikwisha siku nyingi. Hakufanya hivyo. Alieleza kwamba filamu aliyoikusudia tangu mwanzo ni hiyo mpya, kwani ile ya kwanza ilibanwa na uhaba wa fedha na wakati. Toleo la DVD la mwaka 2004 lilibadilishwa tena. La mwaka 2011 likabadilishwa tena. Hata mwaka 2019, filamu ilipoingia katika huduma mpya ya kampuni ya Disney, ambayo ilikwisha kuinunua kampuni ya Lucas mwaka 2012, lile onyesho la mezani lilikuwa limeguswa kwa mara nyingine. Toleo la mwaka 1977 lilitolewa kwenye DVD mwaka 2006, lakini lilichukuliwa kutoka katika kanda zilizotayarishwa mwaka 1993 kwa ajili ya santuri za leza. Picha yake ilikuwa hafifu, iliyozungukwa na weusi pande zote katika televisheni za siku hizi. Ni sawa na mgeni anayeomba chakula akapewa ukoko.

Sasa sikiliza kinaya cha mambo. Mwaka 1988 Lucas huyu huyu alisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuzitetea filamu za zamani. Wakati huo matajiri walionunua haki za filamu nyeusi na nyeupe walikuwa wakizitia rangi kwa kompyuta. Lucas aliwaonya wabunge kwamba kazi za sanaa ni urithi wa taifa, na kwamba ziko hatarini kufutwa na wale wanaozimiliki. Mabishano hayo ndiyo yaliyozaa sheria ya mwaka huo ya kuhifadhi filamu. Mwaka uliofuata Maktaba ya Bunge ilitaja filamu 25 za kwanza za kulindwa, na Star Wars ilikuwa mojawapo.

Hapo ndipo watazamaji walipoingia kazini. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, kijana mmoja wa Jamhuri ya Czech alianza kuijenga upya filamu ya mwaka 1977 katika kompyuta yake. Pale ambapo toleo jipya halikuguswa, alilitumia. Pale palipobadilishwa, aliziba pengo kwa vipande vya DVD ile ya 2006 na vya mikanda ya zamani, akisawazisha rangi ili mshono usionekane. Kikundi kingine kilichagua njia ngumu zaidi. Kilitafuta mikanda halisi ya milimita 35 iliyowahi kupita katika mashine za sinema, kikaipiga picha upya, kisha kikasafisha vumbi na michubuko. Filamu hiyo ni ya dakika 121, na kila sekunde ina picha 24. Piga hesabu, utapata picha zaidi ya 170,000. Kwa maelezo yao wenyewe, asilimia 97 ya kazi yao imetoka katika mkanda mmoja wa mwaka 1977 uliochapishwa kwa njia ya Technicolor. Njia hiyo ina faida moja kubwa: rangi zake hazifi. Mikanda mingi ya kawaida ya miaka hiyo imekwisha geuka na kuwa ya wekundu mtupu.

Je, watu hawa wanavunja sheria? Kwa maandishi ya sheria za hakimiliki, ndiyo. Filamu si yao, na hakuna aliyewaruhusu kuinakili wala kuisambaza. Wao hujitetea kwamba hawauzi, na huwahimiza watu kununua kwanza nakala halali. Utetezi huo unaonyesha nia njema, lakini haubadilishi sheria.

Tatizo ni kwamba sheria yenyewe ina pande mbili tu. Inamjua mwenye mali na inamjua msanii. Nchini Ufaransa, familia ya mwongozaji John Huston ilipinga filamu yake ya The Asphalt Jungle kuonyeshwa ikiwa imetiwa rangi. Mwaka 1991 mahakama ya juu ya nchi hiyo iliwapa haki familia, ikitambua kwamba msanii ana haki ya kuheshimiwa kazi yake hata kama ameiuza. Hukumu nzuri kabisa. Lakini katika kisa cha Star Wars, msanii na mwenye mali walikuwa mtu mmoja. Ni nani basi wa kumshitaki? Mtazamaji hana kiti katika mahakama hiyo.

Nami nasema mtazamaji anastahili kiti. Si kwa kuwa amelipa kiingilio, la hasha. Ni kwa kuwa historia imekwisha tuonyesha mara nyingi kwamba yeye ndiye mtunzaji wa mwisho. Mwaka 1927 filamu ya Kijerumani ya Metropolis, ya mwongozaji Fritz Lang, ilionyeshwa Berlin ikiwa kamili kwa miezi michache tu. Kisha wenye biashara wakaikata, na zaidi ya robo yake ikapotea. Kwa miaka 80 wataalamu walidhani haitapatikana. Mwaka 2008 nakala ndefu ilionekana katika jumba la makumbusho la filamu huko Buenos Aires, Argentina. Ilifikaje huko? Msambazaji mmoja aliipeleka nchini humo kabla ya makato kumfikia, na mhakiki wa filamu, Manuel Peña Rodríguez, akaiweka katika mkusanyiko wake kwa sababu aliipenda. Kampuni iliyoitengeneza haikuitunza. Shabiki aliitunza. Mwaka 2010 ulimwengu ukaiona tena ikiwa karibu kamili, yenye michubuko lakini hai.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni ndoto za wazee wanaolilia ujana wao. Wengine watauliza, mshairi akirekebisha shairi lake, nani atamzuia? Hakuna, na asizuiwe. Lakini kitabu kikichapwa upya, nakala za chapa ya kwanza hubaki katika maktaba, na anayetaka kulinganisha hulinganisha. Filamu si hivyo. Wenyewe wa kampuni ya Lucas walisema mwaka 2006 kwamba negativu, yaani mkanda mama, ilibadilishwa moja kwa moja ili kutengeneza lile toleo la 1997. Hapo si kurekebisha tu, ni kung'oa mlango wa kurudia.

Sisi huku tuna mfano wetu wa heshima. Marehemu Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliwasimulia Watanzania filamu za kigeni kwa Kiswahili, akitia utani na maelezo yake mwenyewe. Aliongeza mengi sana. Lakini hakuna aliyedhani kwamba simulizi ya Lufufu imeifuta filamu ya asili. Mbili ziliishi pamoja, na mtazamaji alichagua. Hiyo ndiyo adabu ninayoitetea: ongeza upendavyo, lakini usifukie ulichokikuta.

Habari njema ni kwamba upepo unaonekana kugeuka. Juni 2025, Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilionyesha jijini London mkanda halisi wa Star Wars wa mwaka 1977, na tiketi ziligombewa. Mwaka huo huo kampuni ya Lucas ilitangaza kuirudisha filamu hiyo katika majumba ya sinema mwaka 2027, itimizapo miaka 50. Siwezi kusema ni mashabiki waliowalazimisha. Naweza kusema kwamba bila ya ukaidi wao, vijana waliozaliwa baada ya 1997 wasingejua kwamba kuna kitu kilichoondolewa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila nchi inayotengeneza filamu, na siku hizi zetu zimo, ingefaa iwe na sheria nyepesi: kabla ya onyesho la kwanza, nakala moja ipelekwe katika hifadhi ya taifa, na ikae huko kama ilivyo. Baada ya hapo msanii na abadilishe apendavyo. Wajukuu wake, na wetu, watajua alianzia wapi.