Breki na Mkono Wake
Mazungumzo na wachuuzi wa samaki, mafundi na waendesha baiskeli wa Nchelenge

 

Huenda mkajiuliza polisi wana habari gani na breki za baiskeli. Katika wilaya hii baiskeli ndiyo gari la watu. Hutoa samaki mwaloni na kuwafikisha sokoni. Hubeba mihogo, mkaa, mgonjwa na mtoto wa shule. Baiskeli yenye mzigo ikishindwa kusimama mbele ya lori au mbele ya mtoto anayevuka, sisi ndio tunaoitwa kupima barabara, na sisi ndio tunaobisha hodi nyumbani kwa wafiwa. Tumeona heri tuje kabla ya siku hiyo.

Neno letu ni moja: mkono wa breki na breki yenyewe ni mume na mke. Kila kimoja chaweza kuwa kizima na kipya, lakini vikiunganishwa bila kulingana huzaa breki mbovu. Kwa kuwa vipuri vyetu vingi hununuliwa kimoja kimoja, vingine vikiwa vimetumika, jambo hili hutokea bila mtu kukusudia ubaya.

Tuzitazame kwanza breki zinazobana rimu. Ya kwanza ni ile ya fimbo za chuma, iliyo kwenye baiskeli za kizamani zenye keria kubwa. Fimbo huvuta mipira ya breki kwenda juu, ikagusa upande wa ndani wa rimu, ule unaotazama spoku. Ya pili ni ya koleo: taya mbili fupi zilizofungwa kwa bolti moja juu ya gurudumu, zinazovutwa na waya. Ya tatu ni ile mafundi waiitayo breki ya V: taya mbili ndefu zilizosimama kila upande wa gurudumu, na waya ukipita juu kutoka taya moja hadi nyingine. Hii ya tatu ndiyo changa. Kampuni ya Shimano ya Japani iliitoa kwa jina hilo mwaka 1996, na kwa hiyo mikono ya breki iliyotengenezwa kwa baiskeli za kale haikuwa na habari nayo.

Tofauti ya koleo na V iko katika urefu wa waya unaovutwa. Taya ndefu za V huhitaji waya usafiri mbali, takribani mara mbili ya ule wa koleo. Ndiyo maana mkono wa V hushika kichwa cha waya mbali zaidi na pini unayozungukia, na mkono wa koleo hukishika karibu na pini. Mkono wa V huvuta waya mwingi kwa nguvu ndogo. Mkono wa koleo huvuta waya kidogo kwa nguvu kubwa.

Sasa tazameni yanayotokea vikichanganywa. Ukifunga mkono wa koleo kwenye breki ya V, mkono utakuwa laini na utakaribia usukani kabla mipira haijabana sawasawa. Fundi atajaribu kuisogeza mipira hadi karibu kuigusa rimu. Itafanya kazi siku ya kwanza. Rimu ikipinda kidogo, gurudumu litasugua. Mipira ikilika kidogo, mkono utagonga usukani huku baiskeli ikiendelea na safari.

Ukifanya kinyume chake, yaani mkono wa V kwenye koleo, hatari ni kubwa zaidi kwa sababu inajificha. Mkono utakuwa mgumu, nawe utasema, "Hii breki ni kali." Ugumu huo unadanganya. Nguvu ya vidole vyako inafika kwenye rimu ikiwa imepungua kama nusu. Ukiwa peke yako hutatambua. Ukipakia gunia la samaki na abiria juu yake, utatambua ukiwa umechelewa.

Breki za fimbo nazo zina sharti lake. Rimu zake zilichongwa kwa ajili ya mipira inayobana kutoka ndani, na mbavu zake ni za mviringo. Atakayezing'oa fimbo na kufunga koleo kwenye rimu ileile ataipa mipira mahali pasipo na uso wa kushika. Anayebadili breki hizo abadili na rimu.

Kipimo ni hiki, na hakihitaji fundi. Shuka, baiskeli ikiwa haina mzigo. Bana breki kwa nguvu: kati ya mkono na usukani ibaki nafasi ya vidole. Kisha isukume mbele huku umebana breki ya mbele peke yake: gurudumu la mbele ligome na la nyuma litake kuinuka. Bana ya nyuma peke yake: gurudumu liburuzike. Mkono ukiwa mgumu na gurudumu likaendelea kuzunguka, umepata jibu lako. Rudia kipimo rimu zikiwa zimelowa maji, kwa maana rimu za chuma zilizong'arishwa hupoteza sehemu kubwa ya mshiko wakati wa mvua.

Kwa ndugu wanaovuka mpaka tunaongeza jambo moja. Zambia tunapita kushoto, Kongo mnapita kulia, na baiskeli nazo hazifungwi namna moja: katika nyingine mkono wa kulia hushika gurudumu la mbele, katika nyingine la nyuma. Ukiazima au kununua baiskeli, jaribu kila mkono kabla ya kupanda.

Mafundi, tunawaomba mteja akileta mkono mmoja, mwulizeni ni wa breki gani. Na mkiuza, uzeni mkono pamoja na breki yake. Wazazi, pimeni baiskeli ya mtoto kabla hajatoka kwenda shule. Tangu 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, wakati uvuvi umefungwa na mvua inanyesha, mikono mingi hupumzika. Tuitumie nafasi hiyo kutengeneza. Na askari akikusimamisha akakuomba ubane breki, anatafuta usalama wako. Akikudai fedha pasipo risiti, njoo kituoni useme.

Ndugu zetu wa Katanga huiita baiskeli kinga, na Wabemba husema incinga. Wahenga nao walisema kinga ni bora kuliko tiba, ingawa hawakuwa wakizungumzia magurudumu. Leo maneno hayo yanatufaa kwa maana zote mbili. Tunawatakia safari njema.