Kenya: Riba ya Mkopo wa Gari

Kukopa harusi, kulipa matanga. Usemi huo wa wahenga unafaa kukumbukwa nchini Kenya, ambako serikali ilijaribu kuitia riba hatamu. Mwezi Septemba 2016 sheria ilikataza mabenki kutoza riba inayozidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Mabenki mengi yakapunguza kuwakopesha wenye kipato kidogo, na Novemba 2019 kikomo hicho kiliondolewa. Tangu hapo kinga kubwa ya mkopaji ni hesabu yake mwenyewe.

Askari anayetaka gari huwindwa na wakopeshaji, kwa kuwa mshahara wake ni wa hakika na waweza kukatwa kabla haujamfikia. Mathalani, akope shilingi 1,200,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 12. Riba hiyo ikihesabiwa juu ya mkopo mzima hadi mwisho, atatozwa 144,000. Ikihesabiwa asilimia moja kila mwezi juu ya deni lililobaki, naye akirejesha 100,000 za mkopo kila mwezi, atatozwa 78,000 tu. Kiwango kinachotangazwa ni kilekile. Tofauti ni shilingi 66,000.

Basi kabla ya kutia sahihi, mlinzi wa nchi na aulize: jumla ya fedha zote zitakazolipwa, pamoja na ada na bima, ni kiasi gani? Asipopewa jibu hilo kwa maandishi, na aende kwa mkopeshaji mwingine.